Mbavu na Mfupa wa Kidari: Mambo ya Kujua Kabla Hujaumia

Mbuzi ana jozi 13 za mbavu. Ng'ombe na kondoo nao wana 13, na punda anafikisha 18. Binadamu ana jozi 12. Mkazi wa Karatu au Ngorongoro aliyewahi kusimama kando ya mbuzi anayechunwa tayari ameona sehemu kubwa ya yatakayoelezwa hapa: mbavu zinavyotoka kwenye uti wa mgongo, zinavyozunguka na kuja kukutana na kidari kwa mbele, gegedu jeupe linalounganisha ubavu na kidari, utando mwembamba unaong'aa kwa ndani, kisha mapafu, moyo, na ule msuli mpana unaotenga kifua na tumbo ambao vitabu vya shule huuita kiwambo. Tofauti kubwa iko kwenye umbo. Kifua cha mbuzi ni chembamba, kimebanwa kutoka kushoto na kulia. Cha kwetu ni kipana na bapa, kwa kuwa tunatembea wima na mikono yetu inaning'inia pembeni.

Ninaandika haya kwa sababu katika wilaya hizi mbili kifua kinaumia kwa njia nyingi: bodaboda inayoteleza kwenye udongo mwekundu wa mvua za masika, teke la punda, pembe ya mbogo aliyetoka msituni usiku, mtu aliyeanguka kutoka juu ya mti akifuata asali, gari lililoacha njia. Na kila mara ushauri unaotolewa kijijini ni uleule: mfungeni kifua kwa kitenge, mkaze, alale. Ushauri huo umewatia watu wengi kwenye nimonia ambayo isingewapata.

Anza na kidole chako

Huhitaji kitabu ili uzijue mbavu zako. Weka kidole kwenye kishimo kilicho chini ya koo, katikati ya mitulinga miwili. Hapo ndipo mfupa wa kidari unapoanzia. Telezesha kidole kuelekea chini taratibu, yapata sentimeta 5, utagusa kituta kinachokatiza mfupa kutoka upande hadi upande. Kituta hicho ndicho alama ya daktari. Ubavu unaopachikwa hapo, kushoto na kulia, ni ubavu wa pili. Wa kwanza umejificha nyuma ya mtulinga na si rahisi kuupapasa. Ukishaupata wa pili, shuka nje kidogo ya mfupa wa kidari na uhesabu: wa tatu, wa nne, wa tano. Daktari anayesikiliza moyo au anayetafuta pa kupitishia mrija wa kutoa hewa na damu kifuani huanza kwa hesabu hiyohiyo.

Mfupa wa kidari wenyewe una sehemu tatu. Ya juu ni pana na nene, nayo hushika mitulinga na jozi ya kwanza ya mbavu. Ya kati ndiyo ndefu. Ya chini ni ncha ndogo inayoishia pale tunapopaita chembe cha moyo. Kwa kijana ncha hiyo ni gegedu laini, na kadiri umri unavyosogea inakuwa mfupa. Wapo watu wazima wanaoigusa siku moja wakioga, wakadhani wameota uvimbe, wakakosa usingizi. Kama ni ngumu, iko katikati kabisa, haikui na haina maumivu, basi ni mfupa ulio mahali pake. Ndani ya mfupa wa kidari kuna uboho unaotengeneza damu maisha yote, ndiyo maana wataalamu huweza kuchukua sampuli ya uboho hapo.

Mbavu hazifanani. Jozi saba za juu zimefika kwenye mfupa wa kidari kila moja kwa gegedu lake. Jozi ya 8, 9 na 10 haziufikii moja kwa moja, bali gegedu la kila moja hushikamana na la ubavu ulio juu yake, na hilo ndilo linalochora ule upinde unaouona chini ya kifua cha mtu mwembamba. Jozi ya 11 na 12 hazishiki popote kwa mbele. Ni fupi, zinaishia kwenye nyama za ubavuni karibu na figo. Chini ya kila ubavu, kwenye ukingo wake wa chini, hupita mshipa wa fahamu pamoja na mishipa ya damu. Kwa sababu hiyo ubavu ukipata ufa mtu husikia maumivu yakizunguka kama mkanda kutoka mgongoni hadi mbele, na kwa sababu hiyohiyo daktari akiingiza sindano kifuani huipitisha juu ya ubavu, si chini yake.

Wengi wanaamini mwanamume ana ubavu mmoja pungufu kwa sababu ya habari ya Adamu na Hawa. Mwanamume na mwanamke wote wana mbavu 24. Andreas Vesalius, aliyechapisha kitabu chake kikubwa cha maumbile ya mwili mwaka 1543, alilieleza jambo hili waziwazi. Imani ya mtu haipungui kwa kuhesabu mbavu, maana hata aliyekatwa kidole huzaa mtoto mwenye vidole kumi. Wapo wachache, chini ya mmoja kwa kila watu 100, wanaozaliwa na ubavu wa ziada shingoni, na kwa kawaida hauwasumbui. Ukisumbua, husababisha ganzi na udhaifu wa mkono.

Mfupa unaotembea kila unapopumua

Mifupa mingi hungoja tuamue kusogea. Mbavu hazingoji. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika, na kila pumzi huinua mbavu. Zile za chini hupanda kama mpini wa ndoo unapoushika na kuuinua: katikati yake huenda juu na nje, kifua kikapanuka kwa upana. Za juu husukuma mfupa wa kidari mbele. Wakati huohuo kiwambo hushuka, na hicho ndicho kinachofanya sehemu kubwa ya kazi mtu akiwa ametulia. Kifua kikipanuka, hewa huingia mapafuni.

Mji wa Karatu uko kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, na ukingo wa kreta ya Ngorongoro unazidi mita 2,200. Hewa ya juu ni nyepesi, kila pumzi hubeba oksijeni pungufu kuliko Tanga au Dar es Salaam, hivyo mtu hupumua kwa kasi zaidi. Mwenyeji amezoea. Lakini mwenyeji huyo akivunjika mbavu tatu akawa anapumua pumzi fupifupi kwa kuogopa maumivu, akiba yake ni ndogo kuliko ya mtu wa pwani. Hilo likumbukwe na wanaoamua kama majeruhi asubiri asubuhi au asafirishwe sasa.

Ngorongoro yenyewe ina shuhuda wa zamani wa miili iliyosimama wima. Nyayo za Laetoli, zilizofukuliwa na kundi la mtafiti Mary Leakey kuanzia mwaka 1978, zina umri wa miaka milioni 3.6 hivi. Kwenye korongo la Olduvai Mary Leakey alipata mwaka 1959 fuvu maarufu la zamadamu Zinjanthropus. Mafuvu na meno ndiyo yanayopatikana zaidi, kwa kuwa mbavu ni nyembamba, fisi huzitafuna na mvua huzimaliza. Ndiyo maana mifupa ya mvulana iliyogunduliwa na Mkenya Kamoya Kimeu karibu na Ziwa Turkana mwaka 1984 ina thamani kubwa mno: ina umri wa takribani miaka milioni 1.5, na mbavu zake nyingi zimesalia. Watafiti walipokiunda upya kifua chake walikikuta kipana na chenye kina kuliko cha watu wa leo.

Ubavu umevunjika, je, chini yake kuna nini?

Mbavu za katikati, kuanzia wa nne hadi wa tisa au wa kumi, ndizo zinazovunjika mara nyingi. Kuvunjika kwenyewe si janga. Ubavu mmoja uliopata ufa hupona wenyewe kwa wiki 6 hivi, bila plasta na bila upasuaji. Kinachoua ni kile kilicho nyuma ya ubavu, pamoja na pumzi fupi inayofuata siku za baadaye. Kwa hiyo baada ya ajali usiishie kuuliza kama mbavu zimevunjika. Uliza amegongwa wapi.

Upande wa kushoto chini, nyuma ya ubavu wa 9 hadi wa 11, kuna bandama. Mtu aliyeugua malaria mara nyingi, kama wanavyougua watu wa bonde la Ziwa Eyasi, anaweza kuwa na bandama kubwa ambayo hupasuka kwa kipigo kidogo na kumwaga damu tumboni bila jeraha lolote kuonekana kwa nje. Upande wa kulia kuna ini, na limepanda juu zaidi ya wengi wanavyodhani, hadi usawa wa ubavu wa tano. Nyuma, chini ya jozi mbili za mwisho, zipo figo. Dereva wa bodaboda aliyechomwa ubavuni na usukani wa pikipiki anaweza kuinuka, akajifuta vumbi, akasema hajambo, na saa tatu baadaye akaanguka. Akipauka, akitoka jasho la baridi, akiwa na kiu kali, maumivu ya bega la kushoto au tumbo linalokaza, huyo anavuja damu ndani. Mkojo wenye damu unaonyesha figo imeumia.

Watoto wanahitaji tahadhari ya pekee. Mbavu zao hupinda bila kuvunjika, kwa hiyo nguvu yote ya pigo hupita moja kwa moja hadi kwenye pafu. Picha ya eksirei isiyoonyesha mfupa uliovunjika haitoshi kusema mtoto yuko salama. Barabara yetu imetupa uchungu usiosahaulika: Mei 6, 2017 basi dogo lililobeba wanafunzi wa shule ya Lucky Vincent ya Arusha lilitumbukia korongoni eneo la Rhotia, na zaidi ya watu 30 wakafariki, karibu wote watoto. Watatu walionusurika walisafirishwa hadi Marekani kwa matibabu. Mkanda wa gari ni wa mtoto pia. Mkanda unapaswa kupita juu ya mtulinga, ukatize mfupa wa kidari na ulale chini kwenye nyonga. Ukiupitisha chini ya kwapa, kama wengi wanavyofanya ili usiwasumbue shingoni, gari likisimama ghafla nguvu yote inatua kwenye mbavu za chini na ini. Waongoza watalii wanaosimama ndani ya gari lenye paa lililofunguliwa wajue kwamba ukingo wa chuma wa paa lile uko usawa wa kifua.

Pigo likiwa kubwa sana, mbavu tatu au zaidi zinazofuatana huvunjika kila moja sehemu mbili. Kipande hicho cha kifua hukosa mshiko. Majeruhi akivuta pumzi, kinaingia ndani badala ya kutoka nje. Ukiona hivyo, ni hospitali mara moja.

Pembe ya mbogo, mkuki au kisu kikipenya kifuani, hewa huanza kuingia kupitia jeraha na kulibana pafu. Funika kwa kitambaa safi bila kuziba kabisa: ukitumia plastiki na utepe, bandika pande tatu na uache mmoja wazi ili hewa iliyonaswa itoke. Kitu kilichobaki ndani ya kifua kisichomolewe njiani kwa hali yoyote. Kifungwe kisitikisike, na daktari ndiye atakayekitoa. Majeruhi mwenye fahamu akae nusu wima kwa namna anayopumua vizuri, isipokuwa kama unahofia uti wa mgongo umeumia, hapo mlaze chali asitikiswe.

Usikaze kitenge

Narudi kwenye kitenge kwa sababu ndipo tunapokosea zaidi. Kifua kikifungwa, maumivu hupungua kwa saa chache, lakini sehemu za chini za mapafu hazipati hewa. Makohozi hutuama, vijidudu huzaana, na siku ya nne au ya tano homa inapanda. Wazee ndio wanaokufa kwa njia hii. Kuchua kwa mafuta ya moto na kukandamiza ubavu uliovunjika kuna hatari nyingine: ncha ya mfupa inaweza kutoboa pafu.

Kinachosaidia ni kuondoa maumivu ili mtu apumue. Kwa mtu mzima asiye na ugonjwa wa ini, vidonge viwili vya parasetamoli vya miligramu 500 kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa siku. Diklofenaki na ibuprofeni zina nguvu, lakini si kwa mjamzito, mwenye vidonda vya tumbo, mwenye tatizo la figo wala anayehofiwa kuvuja damu, kwa hiyo muulize mhudumu wa afya kwanza. Kila saa akiwa macho, avute pumzi ndefu mara kumi, taratibu, hadi mwisho. Anapotaka kukohoa akumbatie mto au shuka lililokunjwa juu ya ubavu unaouma, kisha akohoe kweli. Atembee ndani ya boma. Aache sigara. Asibebe gunia la vitunguu wala ndoo ya maji kichwani hadi wiki sita zipite.

Asishangae akiambiwa picha ya eksirei haionyeshi kitu huku anaumia. Ufa mwembamba mara nyingi hauonekani. Picha hiyo hupigwa hasa kutazama kama pafu liko salama.

Mfupa wa kidari pia ndio mahali pa kuokoa aliyeanguka, hazinduki na hapumui. Mlaze chali juu ya kitu kigumu. Weka kisigino cha kiganja katikati ya kifua, kwenye nusu ya chini ya mfupa wa kidari, kwa juu kidogo ya chembe cha moyo, si pale kwenye chembe penyewe. Weka kiganja cha pili juu ya cha kwanza, nyoosha mikono, sukuma chini sentimeta 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, ukiruhusu kifua kiinuke kila mara. Mbavu za mtu mzima zinaweza kulia na kuvunjika. Endelea, kwa sababu asiposukumwa atakufa. Kwa mtoto, sukuma theluthi moja ya kina cha kifua chake.

Kifua cha mtoto mwenye kikohozi

Baridi ya nyanda za juu na moshi wa kuni ndani ya nyumba zenye tundu dogo la hewa vinaufanya ugonjwa wa nimonia kuwa wa karibu. Mama hahitaji kifaa cha hospitali kuutambua. Mvue mtoto nguo ya juu akiwa ametulia, asilie wala asinyonye, na uhesabu pumzi kwa dakika nzima ukitazama saa ya simu. Chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni hatari. Miezi 2 hadi 11, ni 50 au zaidi. Mwaka 1 hadi kabla ya miaka 5, ni 40 au zaidi. Kisha tazama mbavu za chini: mtoto akivuta pumzi, sehemu ya chini ya kifua ikibonyea ndani badala ya kutoka, anahitaji dawa leo, si kesho. Chale kifuani hazitibu nimonia na huleta jeraha jingine. Chanjo ya kukinga nimonia hutolewa bure mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14, asiikose.

Maumivu na uvimbe bila ajali

Kichomi cha ubavuni chenye homa na kikohozi kinaweza kuwa nimonia kwa mtu mzima pia. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi, jasho la usiku na kukonda ni sababu ya kupimwa kifua kikuu, na kipimo ni bure. Maumivu yanayotokea ukibonyeza pale gegedu linapoungana na mfupa wa kidari mara nyingi ni uvimbe wa gegedu, nao hupoa kwa dawa za maumivu. Lakini uzito katikati ya kifua unaokwenda shingoni au mkono wa kushoto, wenye jasho na kukosa pumzi, usiubonyeze ukijiuliza. Huo ni moyo hadi daktari aseme vinginevyo.

Uvimbe unaokua polepole chini ya mbavu za kulia una chanzo kimojawapo ambacho wafugaji wa Ngorongoro wanapaswa kukijua: malengelenge ya maji kwenye ini yanayoletwa na mnyoo tegu wa mbwa. Mbwa hula maini au mapafu ya kondoo yenye malengelenge, mnyoo unakua tumboni mwake, mayai hutoka na kinyesi, na mtoto anayecheza na mbwa huyameza. Uvimbe huu usitobolewe kienyeji, kwani maji yake yakimwagika yanaweza kuua. Choma au fukia viungo vibovu vya mnyama aliyechinjwa, mpe mbwa dawa ya minyoo, nawa mikono.

Na maji. Miamba ya volkano ya kaskazini huyatia baadhi ya maji yetu floridi nyingi. Wengi wanajua hudhuru meno. Ikinywewa miaka mingi hukakamaza pia viungo vya mgongo na pale mbavu zinaposhikana na uti, kifua kikashindwa kupanuka. Kiwango kinachoshauriwa hakizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kuchemsha hakuiondoi, huizidisha. Maji ya mvua yana floridi kidogo sana, kwa hiyo watoto wapewe hayo kwanza, na magadi yapunguzwe jikoni.

Wapi pa kwenda

Upande wa hifadhi ya Ngorongoro, uliza kwanza kama Hospitali ya Endulen inapokea majeruhi. Karatu kuna hospitali ya Kilutheri na ile ya FAME, na wenye majeraha makubwa hupelekwa Arusha au hospitali ya KCMC mjini Moshi. Tafuta gari siku hiyohiyo kama majeruhi anapumua kwa shida, anakohoa damu, midomo inabadilika rangi, ngozi ya shingo au kifua imevimba na kutoa mlio wa kukatika ukiigusa, anapauka, amechanganyikiwa, amepata homa siku chache baada ya kuumia, au ana zaidi ya miaka 65 na mbavu zaidi ya moja zinazouma. Njiani mwandikie saa ya ajali, upande aliogongwa na dawa alizokunywa, na karatasi hiyo uikabidhi kwa muuguzi wa kwanza utakayemkuta mlangoni.